Uzi kwa wanaouguza saratani ya kinywa na koo: madhara ya mionzi, na kwa nini meno yatangulie kabla ya mashine

Mleta uzi (Arusha)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika uzi huu kwa ajili ya wale walioambiwa wiki hii, au watakaoambiwa wiki ijayo, kwamba mgonjwa wao ana saratani ya ulimi, ya koo, ya zoloto au ya sehemu nyingine ya kichwa na shingo, na kwamba atapigwa mionzi. Mimi si daktari. Ni mtoto wa pili wa mzee mmoja wa Machame aliyepata saratani sehemu ya nyuma ya ulimi akiwa na miaka 63, akatibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za dripu, na saratani ikaondoka. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Hata hivyo, mengi yaliyomtesa baada ya kupona yangeweza kuzuiwa au kupunguzwa kama tungeambiwa mapema, na kama sisi wenyewe tungeuliza mapema.

Nianze na lililo zito kuliko yote, kwa sababu mwenye haraka huenda asifike mwisho. Kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, mpelekeni mgonjwa kwa daktari wa kinywa na meno; na baada ya mionzi, hata ipite miaka kumi, asing'olewe jino na mtu yeyote ambaye hajaelezwa kwamba taya lile lilipigwa mionzi. Nitaeleza sababu yake huko mbele, kwa kuwa ndiko tulikoumia.

Mionzi hufanya kazi kwa kuharibu vinasaba vilivyomo ndani ya seli, hivyo kwamba seli ya saratani inapotaka kugawanyika inashindwa na kufa. Seli nzima zilizo jirani nazo huguswa, ila nyingi zina uwezo wa kujirekebisha kati ya siku moja na nyingine, na ndiyo maana dozi haitolewi kwa mkupuo mmoja. Dozi ya kawaida kwa saratani za eneo hili ni kama grei 70 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi), ambazo hugawanywa mara 35, yaani grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Ngozi laini ya kinywani, ambayo hujifanya upya kila baada ya siku chache, huonyesha maumivu yake mapema. Mfupa, misuli, tezi na mishipa midogo ya damu huumia kimyakimya, na malipo yake huja baada ya miezi au miaka. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba "utapata vidonda mdomoni halafu vitapona", ameambiwa nusu ya habari.

Wiki ya kwanza ilitudanganya. Mzee alitengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu, ambayo hulainishwa katika maji ya moto, ikatandazwa usoni hadi mabegani, kisha ikapoa na kukakamaa kwa umbo lake mwenyewe. Kila siku aliwekewa barakoa hiyo na kufungwa mezani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Aliogopa kufungwa kuliko alivyoogopa mionzi yenyewe. Alichofanya ni kupitisha kichwani beti za wimbo mmoja wa kanisani, akagundua kwamba alipofika ubeti wa nne mashine ilikuwa imekaribia kumaliza, na tangu hapo hofu ikampungua. Hakusikia joto wala maumivu yoyote. Jioni tulikula naye wali na maharage, tukadhani watu wametia chumvi.

Mwishoni mwa wiki ya pili chai ilianza kuwa na ladha ya majivu, na mate yakawa mazito yenye kuvutika kama utomvu wa mgomba. Wiki ya tatu vidonda vilitokeza pembeni mwa ulimi na ndani ya mashavu. Kufikia wiki ya tano, kumeza mate yake mwenyewe kulimtoa machozi, na utando mweupe wa fangasi ukatanda juu ya ulimi, ukalazimu dawa yake ya peke yake. Jambo ambalo hatukulitegemea ni kwamba vidonda viliendelea kuwa vikali kwa wiki mbili baada ya mashine kumaliza kazi. Mama alihesabu siku ya 35 kama siku ya kupona, na alipoona wiki inayofuata ni mbaya zaidi, aliamini kwamba ugonjwa umerudi. Haukuwa umerudi. Mionzi yenyewe huisha mashine ikizimwa, ila madhara yake ndani ya seli huendelea baada ya dozi ya mwisho, na vidonda vya Mzee vilihitaji wiki sita hivi kufunga.

Kilichotusaidia wakati huo kilikuwa cha bei ndogo. Alisukutua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, lita moja kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda, kila baada ya saa mbili alipokuwa macho, na tulitengeneza mapya kila siku. Hapa nawasihi watu wa kwetu: bekingi soda si magadi. Magadi yale ya kuivishia makande na maharage ni makali kwa kinywa chenye vidonda, na hayapaswi kuchukua nafasi yake hata kama yanafanana kwa macho. Dawa za kusukutua zenye spiriti nazo ziachwe dukani.

Chakula kilikuwa vita. Nasema vita kwa sababu uzito ukishuka sana, barakoa nayo hulegea, na mionzi iliyopimwa kwa milimita huweza kukosa mahali pake, hata ikabidi vipimo vya mpango wa tiba vifanywe upya. Mzee alishuka kutoka kilo 74 hadi 63. Mtori ndio uliomshikilia: ndizi na nyama zilizochemshwa mpaka zikalainika, zikapondwa, zikapitishwa kwenye blenda, bila pilipili, bila ndimu, bila nyanya, zikaongezwa siagi na parachichi, kisha zikaachwa zipoe hadi uvuguvugu. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga za kusaga ulifuata. Maziwa mgando, ambayo amekunywa maisha yake yote, yalimchoma kwa ukali wake, ikabidi yasubiri.

Wiki ya nne walipendekeza mpira wa kulishia kupitia puani, naye akakataa kwa sababu kwake mpira ulikuwa alama ya mtu anayekufa. Aliyembadilisha mawazo hakuwa mimi wala daktari, bali mgonjwa mwenzake, mama wa makamo, aliyekuwa amekaa naye kwenye benchi akiwa na mpira puani na gazeti mkononi, akamwambia kwamba wake ungetolewa mwezi uliofuata. Ulipotiwa, tuliambiwa asiache kabisa kumeza. Hata vijiko vichache vya maji au uji kila siku, kwa sababu misuli ya koo isiyotumika wakati wa mionzi husahau kazi yake, na kuirudisha baadaye ni vigumu sana.

Kuhusu maumivu, msiiogope mofini ya maji. Sisi tuliiogopa kwa wiki nzima, tukimpa vidonge vya kawaida na kumtazama akishindwa kula, tukidhani mofini itamfanya mtumwa wake au kwamba ni dawa ya wanaoaga dunia. Alipoanza kuinywa alilala, na kesho yake akameza bakuli zima la mtori. Hutolewa kwa kipimo, huambatana na dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga tumbo, na vidonda vilipopona waliipunguza taratibu mpaka ikaisha. Wenye mgonjwa nyumbani hapa Arusha wafahamu kwamba kuna huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ya hospitali ya Selian, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani, na tiba shufaa haiwahusu wanaokaribia kufa peke yao.

Kuna siku moja lazima niisimulie. Katikati ya wiki ya tano, mdogo wake Mzee alifariki ghafla huko Machame. Mnafahamu kwetu kuzika ni nini. Mkubwa wa ukoo asipokuwepo kaburini, maneno hubaki kwa miaka. Mzee alikuwa amefunga begi lake. Alimwambia mtaalamu wa mionzi kwamba anaomba siku nne tu, na angerudi Jumatatu. Yule mtaalamu hakumkemea. Alivuta kiti, akamweleza kwamba katika saratani za eneo hili, seli zinazosalia baada ya wiki chache za tiba huanza kugawanyika kwa kasi kuliko mwanzo, na kila siku inayoongezwa kwenye urefu wa tiba hupunguza uwezekano wa kuimaliza. Alimweleza pia kwamba mashine ikiharibika au siku ikipotea kwa sababu isiyozuilika, huwa wanaifidia, pengine kwa kutoa dozi mbili ndani ya siku moja zikitenganishwa na saa sita au zaidi, au kwa kutumia Jumamosi. Ila kufidia siku nne ni jambo jingine.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha aliomba simu, akazungumza na wazee wa ukoo kwa sauti ile iliyokwisha kukwaruza, akamteua kaka yangu mkubwa atupe udongo kwa niaba yake. Siku ya mazishi alipigwa mionzi saa nne asubuhi, na saa nane tulimshikia simu atazame kaburi likifukiwa. Alikuja kutupa udongo wake mwenyewe baada ya miezi mitatu, wazee wakiwa wamemsubiri. Nawaandikia haya kwa sababu uzi wa madhara ya mionzi husahau kwamba mojawapo ya madhara hayo ni kumtenga mtu na watu wake kwa wiki saba, na ndugu walioko nyumbani wanaweza kuupunguza mzigo huo au kuuzidisha kwa neno moja tu.

Sasa nirudi kwenye meno.

Mate ni kinga ya kinywa kabla ya kuwa kitu cha kulainishia chakula. Huosha mabaki, hupunguza ukali wa asidi na huyarudishia meno madini yake. Tezi kubwa za mate ziko mbele ya masikio, zile zinazovimba mtoto akiugua matubwitubwi, na nyingine ziko chini ya taya na chini ya ulimi. Zikipigwa mionzi mingi huacha kutoa mate, na kwa wengine hayarudi tena kama zamani. Njia ya kupiga mionzi ina uzito mkubwa hapa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya tiba, ukavu wa kinywa wenye kusumbua uliwapata asilimia 74 ya waliopigwa kwa njia ya zamani, na asilimia 38 ya waliopigwa kwa njia inayopanga umbo na nguvu ya mionzi ili ikwepe tezi za mate. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kuuliza, kwa heshima, ni njia gani itatumika kwake na kama tezi za upande mmoja zinaweza kunusuriwa.

Mzee hutembea na chupa ya maji hadi leo. Hawezi kula ugali bila mchuzi mwingi, na usiku huamka mara mbili kulowesha ulimi. Tulilichukulia hilo kama jambo la kuvumilia tu, hatukujua kwamba meno yanaoza. Yalianza kuoza shingoni, pale jino linapokutana na fizi, na kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona.

Mwaka wa nne baada ya tiba, gego la chini upande wa kulia lilimsumbua. Siku ya soko alijiendea mwenyewe kwenye kliniki moja ya meno, wakamuuliza kama ana kisukari au presha, akajibu hana, wakaling'oa. Hakuna aliyeuliza kuhusu mionzi, naye hakuona kwa nini ataje saratani iliyokwisha kupona. Kidonda kile hakikufunga. Mwezi wa kwanza tulidhani ni uzee. Mwezi wa tatu mfupa ulikuwa unaonekana, mweupe wenye kutia manjano, harufu ikamfanya ajitenge na wajukuu, na baadaye ngozi ya chini ya kidevu ikatoboka, usaha ukatoka nje.

Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba mionzi hupunguza mishipa midogo inayolisha mfupa wa taya, hasa taya la chini, ambalo hata kwa mtu mzima wa afya halipati damu kwa wingi kama la juu. Mfupa huo huweza kukaa salama kwa miaka ukiachwa ulivyo, lakini ukijeruhiwa hauna damu ya kutosha kuponya jeraha, na sehemu yake hufa. Hatari hiyo haiishi kwa kupita miaka. Mzee alipewa antibayotiki kwa muda mrefu, akapewa pia dawa iitwayo pentoksifilini pamoja na vitamini E, na mwisho akafanyiwa upasuaji wa kuondoa kipande cha mfupa uliokufa. Amepona, lakini hutafuna kwa upande mmoja.

Wakati mwingine jino linaloumiza linaweza kusafishwa mzizi na kuzibwa badala ya kung'olewa, na pale ambapo ni lazima ling'olewe, kazi hiyo ifanywe na wapasuaji wa kinywa wanaojua historia yote. Kama ningejua hivyo asubuhi ile ya soko, ningefunga duka langu nikapanda kwenda Machame.

Mama wa Usa River

Pole sana ndugu mleta uzi, na Mzee mpe shikamoo yangu. Mume wangu anaanza mionzi ya koo mwezi ujao. Daktari wa meno amemwangalia na kumwandikia dawa ya kupaka yenye floraidi, apake kila siku maisha yake yote. Nimechanganyikiwa. Sisi ni Wameru, tumekua kwa kunywa maji yanayotoka mlimani, na meno yetu ya kahawia yanatokana na floraidi hiyohiyo. Wataalamu wametufundisha tuyachuje maji yetu kwa mkaa wa mifupa. Inakuwaje leo sumu ile inaitwa dawa? Isitoshe, kuna meno mawili wanataka kuyang'oa kabla ya mionzi, na wewe umesema asing'olewe.

Mleta uzi (Arusha)

Mama, swali lako ni zuri, na nililiuliza karibu kwa maneno hayohayo. Floraidi iliyotia meno ya watu wetu rangi ya kahawia ni ile iliyomezwa kwenye maji miaka ya utotoni, wakati meno yalipokuwa yanaumbwa ndani ya fizi, kwa kiwango kinachozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya mtu mzima yamekwisha kuumbwa, hayawezi tena kupata madoa hayo. Dawa ya kupaka hukaa juu ya jino, hulisaidia kushika madini ambayo mate yangelipatia, kisha hutemwa. Haimezwi. Kwa hiyo mlivyofundishwa kuhusu maji ni kweli, endeleeni kuyachuja, na alivyoandika daktari pia ni kweli. Meno yenye madoa mazito ya floraidi mara nyingine huwa yanamong'onyoka, hivyo mweleze daktari mlikozaliwa ili ayakague kwa makini zaidi.

Kuhusu meno mawili, nilieleza vibaya na nashukuru umenirudisha. Nilichokataza ni kung'oa baada ya mionzi bila wataalamu kujua. Jino bovu lisiloweza kutunzwa hung'olewa kabla, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda mapema.

Muuguzi mstaafu (Moshi)

Naomba niongeze hapo, mama. Jino linalong'olewa kabla ya mionzi lipewe angalau wiki mbili za kupona, na ikiwezekana tatu, kabla ya dozi ya kwanza. Muulizeni daktari tarehe zote mbili na mziandike mahali pamoja, kwa sababu nimewahi kuona jino likichelewa kung'olewa kwa kungoja miadi, kisha mionzi ikaanza kidonda kikiwa bado kibichi. Wala si kila jino ling'olewe. Meno mazima yanayoweza kusafishwa yabaki.

Mleta uzi ameandika vizuri, ila kuna mambo mawili aliyapita. La kwanza ni kukakamaa kwa taya. Misuli ya kutafunia ikiwa ndani ya eneo la mionzi hugeuka kovu polepole, na mgonjwa hushtuka siku anaposhindwa kuingiza kijiko. Kipimo rahisi cha nyumbani ni vidole vyake mwenyewe vitatu vikipangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mdomo umeanza kufunga. Hospitalini tunasema chini ya milimita 35. Mazoezi yaanze tangu wiki ya kwanza: kufungua hadi mwisho, kushikilia, kupeleka taya kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku. Wale ambao mdomo umeanza kufunga huwa tunawapangia vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, vikilazwa kimoja juu ya kingine kati ya meno, na kila baada ya siku chache kinaongezwa kimoja. Kovu likishakomaa, halirudi nyuma kwa urahisi, na mdomo usiofunguka hauwezi hata kupigwa mswaki.

La pili ni chakula kupotea njia na kuingia kwenye mapafu. Mgonjwa wa koo anaweza kupaliwa bila kukohoa, kwa sababu mionzi imepunguza hisia za koo. Nyumbani hawaoni chochote mpaka augue nimonia mara ya pili au ya tatu. Sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni kila baada ya kula, au homa zikijirudia, apelekwe akachunguzwe namna anavyomeza. Ale akiwa amekaa wima, na asilale mara tu baada ya kula.

Ngozi ya shingo mnaifahamu, huwa nyeusi, huwasha na kuchubuka. Aioshe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kugonganisha taulo polepole bila kusugua, asinyoe kwa wembe, avae kola laini za pamba na ajikinge na jua. Mafuta yasipakwe muda mfupi kabla ya kuingia kwenye mashine. Tumbaku iachwe kabisa, iwe sigara, ugoro au kuberi, maana huifanya mionzi ipungue nguvu na vidonda viwe vikali. Na mbege iwekwe kando pamoja na konyagi mpaka kinywa kipone, kisha aulize upya.

Kijana wa Ngaramtoni

Asanteni kwa uzi huu. Nina swali linalonikera moyoni. Baba yangu mdogo amemaliza mionzi ya pua na koo miezi mitatu iliyopita. Nyumbani ametengewa kikombe na sahani, na watoto wamekatazwa kumkaribia ili "mionzi isiwarukie". Amekuwa mtu wa kukaa peke yake kibarazani. Je, hilo lina ukweli? Jingine ni kwamba akiinamisha kichwa anasikia kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni hadi miguuni, naye anaamini saratani imeingia kwenye uti wa mgongo.

Muuguzi mstaafu (Moshi)

Mwanangu, mwondoeni baba yako mdogo kibarazani leo hii. Mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje hupita mwilini na kwisha pale mashine inapozimwa, kama ambavyo mtu hatoki na mwanga wa taa baada ya taa kuzimwa. Hana mionzi ndani yake, wala saratani yake haiambukizwi kwa kikombe. Watoto wamkumbatie. Kuna tiba nyingine ambazo chanzo cha mionzi huingizwa mwilini au mgonjwa humeza dawa yenye mionzi, na hizo zina masharti yake ambayo hospitali humweleza mgonjwa waziwazi, hii siyo.

Hiyo shoti ya umeme huwatokea baadhi ya wagonjwa miezi michache baada ya mionzi ya shingo. Utando unaofunika nyuzi za fahamu katika uti wa mgongo huwa umedhoofika kwa muda, na mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe. Hata hivyo, lazima amwambie daktari wake, na kama miguu inalegea, au ganzi inaongezeka, au choo na mkojo vinamsumbua, asisubiri tarehe ya kliniki.

Mleta uzi (Arusha)

Kijana, soma maneno ya muuguzi kwa sauti mbele ya familia nzima. Mzee wetu naye alitengewa kikombe, na aliyekitenga ni mimi, wiki ya kwanza, kwa kutojua. Nilimwomba radhi.

Naongeza moja ambalo sikuliandika. Mwaka wa pili Mzee alianza kuhisi baridi hata mchana wa jua, akawa mzito wa kuongea, akanenepa uso, akafunga choo, akalala mchana kutwa. Tulisema ni huzuni, wengine wakasema ni uzee. Daktari mmoja akaagiza damu ipimwe homoni za tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, ikaonekana imechoka kwa sababu nayo ilikuwa kwenye njia ya mionzi. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula kilimrudishia nguvu zake ndani ya miezi miwili. Hali hii huwapata wagonjwa wengi wa mionzi ya shingo, nayo inaweza kuja baada ya miaka, kwa hiyo kipimo hicho kiombwe kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili hata kama mgonjwa anajiona mzima.

Mama wa Usa River, siku mume wako atakapomaliza tiba, msiondoke bila karatasi inayoeleza eneo lililopigwa, jumla ya dozi na tarehe, na muulizeni daktari taya limepokea kiasi gani. Sisi tulikuja kuipata baada ya miaka minne, tukiwa tumechelewa. Kaka yangu aliifupisha kwenye kadi ndogo, akaipeleka stendi ikafunikwa kwa plastiki. Imeandikwa: "Taya la chini lilipigwa mionzi, grei 70. Usimng'oe jino kabla ya kuwapigia watoto wake", kisha namba zetu tatu. Mzee huiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kitambulisho, na Jumapili huihamishia kwenye koti.